Kila mtu Mwanza ana "mtu wake". Je, tunakutana au tunatumiana tu?

Mwana Mabatini (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite, hakuna atakayemdai.

Mji huu huwezi kuishi bila kuwa na mtu wako. Una mtu wako Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, anayekuwekea sato kabla wachuuzi hawajavamia, mtu wako wa bodaboda, mtu wako stendi ya Nyegezi anayekupatia siti siku mabasi yamejaa, mtu wako kwenye ofisi fulani anayejua faili lako limelala meza ipi. Kwenye simu tumewaandika kwa kazi zao: Fundi Bomba, Sato Kirumba, Boda Nyakato. Boda Nyakato asipopokea mara mbili tunatafuta boda mwingine. Kama amelazwa, kama amehama, kama amekufa, hatujui.

Silaumu mtu. Nataka tujadili: kuna tofauti gani kati ya kumtumia mtu na kukutana naye, na je, kwenye mji wa biashara kama huu tofauti hiyo ina maana yoyote?

Kilichonisukuma kuandika ni daftari. Kwenye mialo, yaani kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, na visiwani, matajiri wa vyombo huwa na daftari la kambi. Kijana akifika anaandikwa jina, mara nyingi la utani, na mbele yake vinafuata alivyochukua kabla ya mgawo: buti, koti la mvua, sigara, vocha, hela ya kutuma nyumbani. Nilikuwa nimekaa kwa tajiri mmoja, mwalo siutaji, akaingia mzee ametokea Geita. Mtumbwi aliokuwamo mwanawe haukurudi baada ya upepo wa usiku. Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alimpisha kiti, akaagiza soda, akavua kofia. Kisha akafungua daftari, akashusha kidole mpaka kwenye mstari wenyewe, akasoma: "Huyu hapa. Buti, koti, elfu thelathini na tano." Mzee akauliza, "Alikuwa anakaa na nani? Alikuwa anakula vizuri?" Tajiri akarudisha macho kwenye daftari, akageuza ukurasa, akageuza na mwingine.

Nikamkumbuka Gabriel Marcel, mwanafalsafa wa Ufaransa (1889–1973). Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza afya yake haikumruhusu kwenda mstari wa mbele, akawekwa Msalaba Mwekundu kushughulikia askari waliopotea. Kila askari alikuwa na kadi. Ndugu walikuja kuulizia watu wao, Marcel akawa anawapokea yeye mwenyewe, na kidogo kidogo kadi zikakataa kubaki kadi, maana kila moja ilikuwa na mtu anayesubiri jibu mbele ya meza yake. Sehemu kubwa ya falsafa yake ya baadaye ina mizizi pale. Alikuja kueleza kwamba mtu anaweza kukaa mbele yako, anakusikiliza, anaitikia kwa kichwa, na bado hayupo kwa ajili yako. Na mwingine asiye na msaada wowote wa kukupa akawa yupo kweli.

Aliyelifikisha mbali zaidi wazo hilo ni Martin Buber, mwanafalsafa Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1878. Akiwa na miaka mitatu wazazi wake waliachana, mama akaondoka, mtoto akapelekwa kwa babu na bibi yake Lemberg, mji ambao leo ni Lviv, Ukraine. Wakubwa hawakumwambia chochote. Aliyemwambia ni binti aliyemzidi umri, wakiwa wamesimama kwenye roshani: mama yako harudi. Alikuja kumwona mama huyo tena akiwa mtu mzima, ana mke na watoto, na anasimulia kwamba hata walipotazamana alichokisikia ndani yake ni kule kukosana kwao.

Mwaka 1923 akatoa kitabu, Ich und Du, yaani Mimi na Wewe. Kiini chake ni hiki: hakuna mimi anayesimama peke yake. Kuna mimi wa Mimi-Wewe na mimi wa Mimi-Kitu, na hao ni mimi wawili tofauti. Maana yake ninapokugeuza kitu sikubadilishi wewe tu, hata anayekutazama anakuwa mtu mwingine, mdogo zaidi. Hasemi kwamba Mimi-Kitu ni dhambi. Konda wa Igoma hawezi kukutana na kila abiria, gari halitafika Buhongwa. Daktari lazima alione ini kama ini. Buber anasema wazi kwamba bila upande huo binadamu haishi, ila anayeishi upande huo peke yake si binadamu.

Kuna kisa chake ninachokipenda kuliko nadharia yenyewe. Akiwa na miaka kumi na moja, likizo kwenye shamba la babu yake, alizoea kupenya zizini kumpapasa farasi mmoja wa kijivu mwenye madoa. Mkono ukiwa shingoni pa mnyama alisikia uhai usio wake, uhai wa mwingine kabisa, na farasi naye aliinua kichwa, masikio yakicheza. Siku moja katikati ya kupapasa mtoto akaanza kuusikia mkono wake mwenyewe, akawaza jinsi inavyopendeza. Basi. Kesho yake alimpa chakula tele, akampapasa, farasi hakuinua kichwa.

Tazameni hapo. Hakumpiga, hakumnyima, hakumdanganya. Aligeuza tu macho kutoka kwa farasi kwenda kwenye raha yake. Tumezoea kudhani kwamba kumfanya mtu kitu lazima umdhulumu, kumbe unaweza kumfanya kitu huku unamlisha vizuri. Ndiyo maana zile semina za biashara zinazofundisha "mtaje mteja kwa jina, uliza habari za watoto" zinanikera. Ukiuliza habari za watoto ili uuze bati, watoto wale wamekuwa sehemu ya bati.

Hoja yangu kwa hiyo haihusu kutumiana. Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, mwaka 1785 aliandika kwamba binadamu asitumiwe kama njia tu, na watu husahau hilo neno "tu". Wote tunatumiana, mimi na nyinyi. Mtihani wangu ni mmoja: huyu mtu anaweza kuniambia hapana, akanivurugia hesabu zangu, na bado akabaki mtu kwangu? Kama "hapana" yake ya kwanza ndiyo mwisho wake kwenye simu yangu, basi sijawahi kukutana naye.

Nawasilisha. Tujadili kwa hoja, matusi pelekeni kwenye nyuzi za mpira.

Nipe Fupi

Mkuu, uzi mrefu kama foleni ya kivuko cha Kigongo kabla ya daraja. Toa pointi mbili tuondoke.

Mwana Mabatini

Ni moja, iko aya ya mwisho. Na kwa kuwa umeitaja foleni ile: tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 watu wanaililia, eti siku hizi unavuka kilomita tatu hujaongea na mtu, zamani tulikuwa tunapiga stori na abiria wenzetu. Tulipiga stori kwa sababu hatukuwa na pa kwenda. Kivuko kikigusa ukingo kila mtu alikimbilia gari lake. Kukaa pamoja na kukutana ni vitu viwili. Mimi daraja nalipenda.

Mzani wa Kirumba

Kongole kwa andiko, ila nondo zako hazilipi ushuru. Mimi nipo Mwaloni mwaka wa kumi na kitu. Hapa kuna mali kauli. Namkabidhi mtu mzigo wa mamilioni, hakuna karatasi, hakuna wakili, ni mdomo tu. Unadhani namwangalia machoni nikakutana na roho yake? Naangalia mzunguko wake, naangalia nani anamdhamini, naangalia nyumba yake iko wapi. Nikianza kumwona kama "Wewe" wako huyo, nitashindwa kumdai. Na nikishindwa kumdai, wanangu wanalala njaa, na wao pia ni watu.

Halafu hiyo ya semina. Mimi nawauliza wateja habari za watoto na nauza. Sasa nisiwaulize?

Mwaka wa Tatu

Mkuu mleta mada, nasoma huku Malimbe, falsafa ni kozi ya hiari kwangu ila naipenda. Umemruka Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, kama vile hayupo. Kwenye L'Être et le néant ya 1943 anatoa mfano wa mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Amezama kwenye anachokitazama, yeye mwenyewe hajioni. Ghafla anasikia hatua ukumbini. Pale pale anageuka kitu: mchunguliaji, mwenye aibu, aliyeshikwa. Aliyetokea hajasema neno, jicho lake limetosha. Kwa Sartre ndivyo tulivyo wote, mimi nikikutazama nakufanya kitu, wewe ukinitazama unanifanya kitu, na mapenzi yenyewe ni vita ya nani amfunge nani. Mwaka uliofuata akaweka kwenye tamthilia yake, Huis clos, ule msemo maarufu kwamba jehanamu ni watu wengine.

Waliopanga nyumba za uani Mabatini, vyumba kumi choo kimoja, wanamwelewa Sartre bila kumsoma. Ukitoka kuoga umeshahesabiwa ndoo.

Mwana Mabatini

Ha ha, hiyo ya ndoo nimeipokea kama mkazi.

Mwaka wa Tatu, sijamruka kwa bahati mbaya. Sartre anajua sana jicho linalokamata. Ninachokataa ni kwamba hakuna jicho la aina nyingine. Emmanuel Levinas, mwanafalsafa mzaliwa wa Lithuania aliyekuwa raia wa Ufaransa, alitekwa mwaka 1940 akiwa askari, akafungwa Ujerumani na Wayahudi wenzake, wakitumikishwa kazi za msituni. Anaeleza kwamba wapita njia waliwatazama kama kwamba si watu. Katikati ya hali hiyo akatokea mbwa koko, wakamwita Bobby. Wakipangwa mstari asubuhi anaruka, wakirudi jioni anabweka kwa furaha. Kwa mbwa yule hapakuwa na shaka kwamba hawa ni watu. Baada ya wiki chache walinzi wakamfukuza. Levinas mwenyewe hakuwa na nyimbo tamu, na alimkosoa Buber pia, lakini kisa hicho peke yake kinatosha kuonyesha kwamba kutazamwa si kufungwa tu, kuna kutazamwa kunakorudisha mtu kwenye hali yake.

Mzani wa Kirumba, endelea kuwauliza. Ila siku mteja atakapokujibu kwamba mtoto kafukuzwa shule kwa sababu ya ada, mizani ikiwa mkononi na foleni iko nyuma yake, utafanya nini? Hapo ndipo swali lako linaanza kuwa swali. Sisemi ulipe ada. Nauliza kama jibu lake litakusumbua au litakupita.

Mzani wa Kirumba

Litanisumbua, kisha nitapima samaki. Siyo mimi niliyeipanga dunia.

Chanja ya Jua

Nimesoma wote kimya, sasa na mimi niseme. Naanika dagaa. Mwalo siutaji, kama mleta mada.

Nyinyi mnaongelea kukutana mkiwa mmesimama pazuri. Njooni alfajiri mitumbwi ikirudi, taa bado zinawaka, dagaa ni wachache na ndoo zimejipanga mchangani. Anayepata ni mwenye hela taslimu au mwenye mtu wake kwenye mtumbwi. Na huyo mtu wake anataka nini, wakubwa wote hapa mnajua. Anamwita mpenzi. Anamnunulia kitenge. Akiumwa anamletea panadol. Ukipita unaona wawili wanacheka. Sasa Buber wenu aniambie, pale ni Mimi-Wewe au Mimi-Kitu? Maana mwanamke yule naye kamfanya mwanaume ndoo ya dagaa, wametoana sare.

Upande wa Kenya jambo hilo lina jina kabisa, jaboya. Kule Nduru, karibu na Kisumu, kuanzia 2011 kina mama walianza kupata mitumbwi ya kwao wenyewe, wakaajiri wanaume kuvua. Hawakwenda kuwafundisha wavuvi falsafa. Walinunua mbao na nyavu, na yule yule aliyekuwa anawapangia masharti akawa anaomba kibarua. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 kijiji kikafurika, mambo yakarudi nyuma sana. Heshima ilikuja na mtumbwi na ikayumba na mtumbwi.

Mtihani wako wa kusema hapana ni mzuri, mleta mada. Ila hapana ina bei. Nani anailipia?

Nipe Fupi

Aisee. Nimebaki.

Mwana Mabatini

Dada, umeuvuta uzi kule ulikotakiwa kuwa.

Nikupe kitu kimoja, si kama jibu, kama kuni. Aprili 1957 Buber alikuwa Marekani, akakaa kwenye mjadala wa hadhara Chuo Kikuu cha Michigan na Carl Rogers, mwanasaikolojia aliyejulikana kwa kusema mshauri amsikilize mteja wake kama mtu anayelingana naye. Rogers alikuwa anaeleza kwamba nyakati fulani ofisini, yeye na mgonjwa wanakutana sawa kwa sawa. Ungetegemea mzee wa Mimi-Wewe ashangilie. Hakushangilia. Alimwambia, kwa maana, kwamba mgonjwa amekuja kwako kutafuta msaada, wewe hukwenda kwake. Wewe unaweza kumwona kutoka upande wake na upande wako, yeye hawezi kufanya hivyo kwako. Nia yako njema haiifuti hali hiyo. Yaani Buber mwenyewe alijua kwamba hali ina nguvu kuliko moyo mzuri.

Kwa hiyo mvuvi akiniambia "lakini mimi nampenda kweli", nitamjibu kama Buber alivyomjibu Rogers. Huenda unampenda. Ila ndoo iko mkononi mwako. Mpe dagaa kwa bei ya wengine kwanza, halafu mwambie unampenda, usikilize atasemaje.

Zamu ya Usiku

Umemtaja mshauri na mgonjwa, basi mmeniita. Mimi ni muuguzi, hospitali ya Kanda ya Ziwa, inatosha hapo.

Wodini mtu hana jina usiku. Ni "wa kitanda cha saba", ni "yule wa figo", ni "aliyetoka chumba cha upasuaji". Watu wa nje wakisikia wanasema manesi wana roho mbaya. Wauguzi tuko wawili, vitanda vimejaa, na wengine wako chini. Nikikutana na kila mmoja namna mleta mada anavyotaka, nitadondoka kabla ya alfajiri na hakuna atakayepewa dawa ya saa kumi. Tena mgonjwa mwenyewe hataki nikutane naye. Anataka sindano iingie kwenye mshipa mara ya kwanza. Mkono unaotetemeka kwa huruma hauoni mshipa. Ile dakika ninapotafuta mshipa, huyo bibi kwangu ni mkono, na ni vizuri awe mkono.

Kwa hiyo Mimi-Kitu kwetu ni namna ya kupenda watu wengi kwa wakati mmoja bila kufa. Mleta mada alilisema kwa sentensi moja akalipita haraka, akaenda kwa farasi.

Lakini kuna bibi mmoja wa Magu alikuwa ananiita mayu, yaani mama, mimi mjukuu wake kwa umri. Kila nikija kubadilisha dripu ananiuliza nimekula nini. Nikisema sijala, ananionyesha kwa kidevu chungwa lililo kwenye kabati lake, nichukue. Sijawahi kumuuliza yeye chochote kisichohusu kidonda. Rogers na Buber walikuwa wanabishana kama mganga anaweza kukutana na mgonjwa. Mbona hawakuuliza kinyume chake? Pale wodini aliyekuwa na nguvu zote ni mimi, na aliyekuwa anakutana na mwenzake ni yeye.

Mwaka wa Tatu

Zamu ya Usiku, hiyo naibeba kwenye semina ya Ijumaa. Dhana nzima ya kwamba lazima kwanza kuwe na usawa inatikisika.

Chanja ya Jua

Haitikisiki. Bibi alikuwa na chungwa. Angekuwa hana hata chungwa tungeona.

Zamu ya Usiku

Dada, angeuliza tu. Nilimjua.

Kofia Pana

Naomba na mimi niseme, kisha msiniambie pole.

Mdogo wangu ana ualbino. Alizaliwa miaka ile ambayo Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino walikuwa wanawindwa kwa viungo vyao. Hamna haja ya mimi kuwaeleza, wengi mlikuwepo. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, watu walikamatwa, kesi zilisikilizwa. Mdogo wangu akakulia bweni lenye uzio, kwa usalama wake. Mkitaka kujua Mimi-Kitu inaishia wapi ikiachwa itembee, ni pale: mtu anamtazama mtoto wa darasa la pili na anachokiona ni bei.

Ila sikuja kusema hilo. Wauaji tunawajua kuwa wauaji. Nimekuja kusema kuhusu watu wema. Walikuwa wanakuja bwenini na magari, kofia, mafuta ya kukinga jua, na kamera. Watoto wanapangwa. Mdogo wangu amepigwa picha na watu wengi kuliko harusi. Mafuta aliyapokea, na aliyahitaji, bila yale ngozi ingeharibika, siyakejeli. Siku moja nilipokwenda kumwona nikamuuliza, wale wageni walikuuliza nini? Akasema walimuuliza kama anaogopa. Wote huuliza kama anaogopa. Hakuna aliyemuuliza kingine.

Yeye anapenda hesabu na anapenda kubishana. Ana mdomo mchafu pia, tukiachana na picha. Kuna mwanafunzi mwenzake, asiye na ualbino, walikuwa wanapigana kwelikweli kuhusu nani amemwibia mwenzake kalamu. Huyo ndiye rafiki yake mpaka leo. Nadhani ni kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kumtuhumu kwa kitu alichokifanya yeye mwenyewe.

Mwana Mabatini

Kofia Pana, nimekusoma mara mbili. Sitasema uliyotukataza.

Nilichokiandika kuhusu farasi, huruma inayojipapasa yenyewe, wewe umekiona kwa macho. Nitaongeza tu kwamba ugomvi wa kalamu ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Huwezi kugombana na kitu. Kitu unakirekebisha au unakitupa.

Mkerewe wa Nansio

Ninachokosa kwenye uzi huu ni sisi. Mmetembea Vienna, Paris na Michigan wakati mtu wa kisiwani kwetu Ukerewe, mwandishi Aniceti Kitereza, ameshalisema. Riwaya yake Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, yeye akafariki 1981. Waliosoma wanajua kisa. Mume na mke hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamwandama mke kwa maneno, kwao yeye ni tumbo lisilozaa, wanataka mtu wao aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka hawavumilii, wanamchukua binti yao. Myombekere haendi kutafuta mke mwingine. Anafunga safari kwenda ukweni kuomba arudishiwe huyo huyo, anatozwa pombe, anahangaika kuipata.

Sasa tofauti na wazungu wa mleta mada ni hii. Wao wanakutana wawili wawili, kama wako kwenye chumba kitupu. Kitereza hamwachi mtu akutane na mkewe hivyo. Kuna salamu za kurasa nzima, kuna kupiga magoti, kuna wakwe, kuna pombe ya kutengenezwa, dawa za kuchimbwa, majirani wanaokopesha ndizi. Wasomaji wa haraka wanayaruka hayo, wanasema mwandishi alikuwa anahifadhi mila. Mimi nasema ndiko wanakokutana. Ila hapo hapo kuna kitendawili, na ndiyo sababu siamini watu wanaosema Mwafrika kwa asili yake ni Mimi-Wewe, ubinafsi umeletwa na meli. Ukoo ule ule uliompa Myombekere njia ya kumrudia mkewe ndio uliokuwa umemgeuza mkewe kuwa tumbo. Ni watu wale wale, wanasalimiana vizuri sana.

Mzani wa Kirumba

Huyu Mkerewe katoa hoja. Mama yangu mzazi aliachwa kwa sababu ya kuzaa wasichana watupu kabla yangu. Ndugu wa baba walikuja kwa heshima zote, wakakaa, wakala, wakasema walichosema. Mimi nilizaliwa miezi michache baadaye, kwao mama. Baba alikuja kunichukua. Mama hakutoa.

Haya, ninyamaze.

Chanja ya Jua

Alilipa bei ya hapana huyo mama.

Mzani wa Kirumba

Alilipa kwa kuuza uji stendi. Anaishi, yuko Igoma, ana kelele mpaka leo.

Dada, tuweke falsafa pembeni kidogo. Dagaa wako ni wa mchangani au wa chanja? Nina mteja wa Congo anataka wasafi. Nahitaji magunia kama kumi hivi, unipe mali kauli, gari likirudi nakutumia yote.

Chanja ya Jua

Jina langu husomi? Ni wa chanja. Na mali kauli sitoi.

Mzani wa Kirumba

Pamoja na yote tuliyosemezana hapa?

Chanja ya Jua

Pamoja na hayo. Naangalia mzunguko, kama wewe. Njoo na taslimu Jumamosi asubuhi, tutabishana vizuri wakati vijana wanapakia.

Nipe Fupi

Na mimi nikija nitapata kilo mbili za mboga?

Chanja ya Jua

Wewe njoo, ila hatuuzi kwa haraka.